Ziwa si sheli: haidrojeni au betri?

Juzi tulikuwa kwenye foleni ya kivuko cha Kamanga, tunasubiri kuvuka kwenda Sengerema. Jamaa mmoja wa chuoni akanyoosha kidole ziwani: "Oya, magari ya betri ya nini? Haidrojeni imo ndani ya maji, na sisi tuna Ziwa Victoria zima. Mafuta ya bure hayo!" Tukacheka, ila wengi walikubaliana naye. Hoja yake ina kosa moja kubwa.

Maji si mafuta. Maji ni kama majivu: ni haidrojeni iliyokwisha kuungua. Ukiitaka tena, lazima uyapasue maji kwa umeme. Kilo moja ya haidrojeni inahitaji maji lita 9 tu, kwa hiyo ziwani hakuna shida. Shida iko kwenye LUKU. Kuyapasua maji hayo kunakula uniti 50 hadi 55. Kisha gesi inashindiliwa kwenye tangi kwa mgandamizo wa takribani mara 300 ya ule wa tairi la gari, na hapo pia umeme unaliwa. Ndani ya gari haidrojeni inakutana na oksijeni ya hewani, inazaa umeme, umeme unazungusha mota. Kilo hiyo inakupeleka kama kilomita 100.

Gari la betri linaruka mzunguko huo wote. Umeme unaingia kwenye betri, unatoka, unazungusha mota. Kilomita 100 zilezile linazimaliza kwa uniti 15 hadi 20. Yaani umeme wa kutembeza gari moja la haidrojeni unatosha magari karibu matatu ya betri.

Tusiionee haidrojeni lakini. Tangi linajazwa kwa dakika tano hivi, wakati betri ni nzito na kuichaji kunataka subira. Kwa meli na malori ya masafa marefu bado ina hoja. Norway wamejaribu vyote viwili kwenye vivuko: Ampere inatumia betri tangu 2015, na Hydra ilianza kutumia haidrojeni 2023. Haidrojeni hiyo ililetwa kwa malori kutoka Ujerumani!

Kwetu hili si suala la ushabiki. Bwawa la Julius Nyerere lina uwezo wa megawati 2,115, lakini kila uniti ina anayeisubiri: wodi ya wazazi, mashine ya kusaga, hosteli yako wiki ya mitihani. Na ukikwepa umeme, haidrojeni nyingi duniani leo inatengenezwa kwa gesi asilia na makaa ya mawe, kwa hiyo moshi unabaki palepale, umehama tu kutoka barabarani kwenda kiwandani.

Kesho wewe ndiye utakuwa mhandisi au ofisa manunuzi wa halmashauri. Akija mtu na gari "linalotumia maji", usibishane naye. Muulize tu: kilomita 100, uniti ngapi?