Moshi wa Gari la Umeme Uko Wapi?

Gari la umeme halina bomba la moshi, na wauzaji wengi huishia hapo. Moshi upo, ila hutoka mbali na barabara: migodini, kwenye viwanda vya betri na kwenye mitambo ya kufua umeme. Anayetaka kulipima gari hilo kwa haki dhidi ya gari la petroli hana budi kuufuata huko.

Kwenye betri ndiko kuliko na deni. Kuchimba na kusafisha lithiamu, nikeli na kobalti, kisha kutengeneza betri yenyewe, hula nishati nyingi mno. Kazi kubwa hufanyika China, ambako umeme mwingi bado unafuliwa kwa makaa ya mawe. Ndiyo maana gari la umeme, siku linapotoka kiwandani, huwa limekwisha kuchafua hewa zaidi kuliko mwenzake wa petroli.

Lakini mwenzake ndiyo kwanza anaanza. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa takribani kilo 2.3 za hewa ukaa. Gari linalokunywa lita 8 kwa kilomita 100, likitembea kilomita 15,000 kwa mwaka, hutoa karibu tani 2.8, mwaka baada ya mwaka, na hapo hatujagusa uchimbaji na usafishaji wa mafuta yenyewe. Sehemu kubwa ya petroli hiyo huishia kuwa joto la injini; mota ya umeme hupoteza kidogo tu.

Mwaka 2021 Baraza la Kimataifa la Usafiri Safi, ICCT, lilipiga hesabu ya maisha yote ya gari, kuanzia kiwandani. Kwa gari la ukubwa wa kati Ulaya, la umeme lilichafua pungufu kwa asilimia 66 hadi 69. India, penye makaa ya mawe mengi, nafuu ilishuka hadi kati ya asilimia 19 na 34. Hata huko petroli ilishindwa.

Sasa tazama kwetu. Karibu asilimia 90 ya umeme wa Kenya hutokana na jotoardhi la Olkaria, maji, upepo wa Turkana na jua. Tanzania imejenga Bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115. Ethiopia, ambayo karibu umeme wake wote ni wa maji, ilizuia mwaka 2024 uingizaji wa magari binafsi ya petroli na dizeli. Katika nchi za namna hii deni la betri hulipika mapema.

Linalonisumbua mimi ni Kolwezi, mji wa migodi ya kobalti nchini Kongo. Takribani asilimia 70 ya kobalti ya dunia huchimbwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na baadhi yake huchimbwa kwa mikono na watu wanaozungumza Kiswahili kama sisi, watoto wakiwemo. Hewa safi ya miji ya Ulaya kama Oslo isinunuliwe kwa mapafu yao. Njia ipo: betri za chuma na fosfeti hazina kobalti kabisa, na tayari ziko kwenye magari mengi mapya.

Hukumu yangu ni kwamba gari la umeme limeshinda. Ukienda kulinunua, muulize muuzaji betri yake ni ya aina gani, na ikichoka nani ataipokea. Asipokuwa na jibu, nenda kwa mwingine.