Kabla ya Kumfuata Mwenzi Ng'ambo ya Mpaka

Mwezi huu katika ukurasa wetu wa afya tumeona yafaa tuzungumzie jambo ambalo familia nyingi za Kasanga na Matai, na hata za huku juu Sumbawanga, zinalifahamu. Kijana anavuka kwenda Zambia kutafuta maisha. Anapata kazi Mpulungu au Mbala. Wengine wanafika hadi Kasama na miji ya migodi ya shaba. Baada ya mwaka mmoja au miwili anapiga simu nyumbani kumwambia mkewe kwamba amepata chumba, afunge mizigo aje na watoto. Au binti wa kwetu anachumbiwa na kijana wa upande ule. Hakuna la ajabu hapo. Walungu na Wamambwe wako pande zote mbili za mpaka, na walikuwa wakioana tangu kabla Wajerumani hawajaiita Kasanga kwa jina la Bismarckburg.

Kwa sababu ya ujirani huo, safari hii huonekana ndogo kuliko ilivyo. Ndugu hukusanyika, vitenge hununuliwa, magunia ya mchele na maharage hufungwa, na siku ya kuaga watu hucheza mpaka usiku. Katika maandalizi yote hayo ni nadra mtu kuuliza kama mama huyu ana mimba, kama mtoto amemaliza chanjo, au kama kuna dawa ambayo mmoja wao anaimeza kila siku. Hilo ndilo tunalotaka kulisema mwezi huu: matibabu yaliyoanza upande huu yasikatike njiani. Mpaka unavukwa kwa saa chache, lakini tiba iliyokatwa katikati huweza kumrudisha mgonjwa nyuma kwa miezi mingi.

Miezi mitatu si mingi

Tunashauri maandalizi yaanze walau miezi mitatu kabla ya safari. Kwanza, pasipoti huhitaji namba ya kitambulisho cha Taifa (NIDA) na cheti cha kuzaliwa, na kwa familia ambayo watoto wake hawajaandikishwa RITA, kazi huanzia huko. Pili, wale wanaokwenda kufunga ndoa upande wa pili wakumbuke kwamba padre wa kule atahitaji cheti cha ubatizo kilichoandikwa karibuni na uthibitisho kwamba mhusika yu huru kuoa au kuolewa. Karatasi hizo huenda kutoka parokia hadi parokia, na hazikimbii. Tatu, vipo vipimo ambavyo hurudiwa baada ya muda, kama tutakavyoona.

Huenda msomaji akauliza, pasipoti ina uhusiano gani na ukurasa wa afya? Uhusiano ni mkubwa. Mtu aliyevuka kwa njia za panya, usiku, kwa mtumbwi na bila muhuri wa Uhamiaji, huishi kwa kujificha. Akiwa na mimba anaogopa kwenda kliniki kwa kuwa ataulizwa alikotoka. Mtoto akishikwa na homa anasubiri mpaka asubuhi, kisha mpaka jioni. Hivyo muhuri ule ni sehemu ya kinga ya familia. Na anayekwenda kukaa, si kutembea tu, muhuri peke yake haumtoshi. Sheria ya Zambia ina kibali maalum cha mwenzi wa ndoa, nacho huombwa kwa kuonyesha cheti cha ndoa. Mume au mke aliyetangulia aende mapema ofisi ya Uhamiaji ya kule kuuliza masharti, badala ya kutegemea maneno ya wasafiri gatini.

Chanjo ya homa ya manjano itolewe siku 10 au zaidi kabla ya safari. Tangu mwaka 2016 cheti chake hudumu maisha yote, hivyo aliyechanjwa zamani haitaji kurudia. Aitunze tu ile kadi ya njano. Masharti ya mpakani hubadilika kulingana na magonjwa yaliyopo, kwa hiyo ulizeni kwenye kituo cha afya cha mpakani au bandarini kabla ya kukata tiketi. Mtoto wa chini ya miezi 9 hachanjwi chanjo hiyo, na mama mjamzito asikilize kwanza ushauri wa daktari.

Kadi zetu zimeandikwa Kiswahili

Hapa pana jambo dogo ambalo wengi hawalifikirii. Kadi ya mtoto na kadi ya mama mjamzito tunazopewa hapa kwetu zimeandikwa kwa Kiswahili. Zambia lugha ya serikali ni Kiingereza, na katika mkoa ule wa kaskazini watu wengi huongea Kibemba. Pale Mpulungu utapata wanaokifahamu Kiswahili kwa sababu ya biashara ya ziwani, lakini muuguzi wa Kasama atakitazama kikaratasi chako asiambulie kitu. Kabla ya kuondoka, mwombe mganga wa kituo chako akuandikie barua fupi kwa Kiingereza, yenye mhuri, itakayotaja ugonjwa, jina la dawa na kipimo chake, tarehe ya kuanza, na vipimo vya mwisho. Wala usiitupe kadi yenyewe. Ibebe pamoja na barua.

Kwa watoto, hakikisheni chanjo za wiki ya 6, ya 10 na ya 14 zimeandikwa kwa tarehe, na zile za surua na rubela za miezi 9 na miezi 18 hali kadhalika. Kama safari inaangukia karibu na tarehe ya chanjo, ni vema kumchanja mtoto kwanza ndipo msafiri. Mabinti wenye umri wa kati ya miaka 9 na 14 wapate chanjo ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi, ambayo hapa kwetu hutolewa bure.

Mama mjamzito asiondoke bila kuhudhuria kliniki walau mara moja. Barua yake itaje kundi la damu, wingi wa damu, majibu ya kaswende na ya virusi vya UKIMWI, chanjo za pepopunda, na tarehe alizomeza dawa ya SP ya kumkinga na malaria. Ikiwa mimba imepita wiki 36, au aliwahi kujifungua kwa upasuaji na siku zake zimekaribia, maoni yetu ni kwamba asisafiri. Ajifungue kwanza karibu na hospitali inayomfahamu. Baba atangoja. Uchungu ukimshika mama katikati ya ziwa au katika barabara ya porini, hakuna wa kumsaidia.

Dawa zilizofichwa chini ya kanga

Sasa tufike mahali pagumu. Wapo wanaosafiri na dawa ambazo mwenzi wao hazijui. Chupa ya vidonge vya kufubaza virusi hufungwa ndani ya soksi, soksi ndani ya kanga, kanga chini kabisa ya begi. Kule anakokwenda ni chumba kimoja, kitanda kimoja, na hakuna shangazi wala jirani wa kumtunzia siri. Wiki ya kwanza anameza akiwa chooni. Wiki ya tatu anaruka siku mbili. Mwezi wa tatu dawa zimekwisha, na kwenda kliniki kunataka sababu ya kutoka nyumbani. Hapo virusi huanza kuongezeka tena, na dawa ileile iliyokuwa ikimlinda huweza kushindwa kufanya kazi.

Nasi tusimwangalie anayesafiri peke yake. Aliyetangulia naye amekaa peke yake mwaka mmoja, miwili, mitatu. Hatumshuku mtu. Tunasema tu kwamba waliotengana muda mrefu wana haki ya kuanza upya kwa ukweli, na kwamba kumwomba mume apime kule wakati mke akipima huku si kumtukana. Kwa kuwa maambukizi mapya huweza kuchukua hadi miezi mitatu kuonekana kwenye kipimo, wapime mara mbili: sasa, na tena baada ya miezi mitatu. Ikiwezekana kipimo cha pili wakifanye pamoja, wakiwa wamekaa mbele ya mshauri mmoja.

Wengi hunyamaza kwa hofu ya kuachwa. Hofu hiyo tunaielewa, na si ya kuchekwa. Lakini mambo yamebadilika sana tangu miaka ile ambayo jibu la kipimo lilikuwa sawa na hukumu. Leo mtu anayemeza dawa kila siku mpaka kipimo cha wingi wa virusi kikaonyesha kwamba havionekani, hamwambukizi mwenzi wake katika tendo la ndoa, na mama wa namna hiyo huweza kuzaa na kunyonyesha mtoto asiye na virusi. Haya ni mambo ambayo mume anastahili kuyasikia kutoka kwa mtaalamu. Kama mdomo ni mzito, muombeni mshauri wa kliniki au padre awepo mnapozungumza. Dada anayeogopa kupigwa au kufukuzwa akisema ukweli, asiseme akiwa tayari ugenini bila nauli. Aseme angali karibu na ndugu zake, hata kama itambidi aahirishe safari.

Anayetumia dawa za kifua kikuu naye asikilize. Tiba ya kawaida ni miezi 6, na kuikatisha kwa sababu kikohozi kimepungua ni kuualika ugonjwa sugu ndani ya chumba kile kimoja cha ugenini, penye watoto. Akiweza, amalize kwanza. Asipoweza, aondoke na barua ya rufaa na jina la kituo kitakachompokea. Wagonjwa wa sukari, shinikizo la damu na kifafa wabebe dawa za walau miezi miwili.

Dawa zote zikae ndani ya pakiti zake pamoja na barua ya daktari. Serikali ya Zambia ni kali juu ya baadhi ya dawa ambazo sisi tunazinunua dukani bila kufikiri. Wapo wasafiri waliowahi kushikwa kule kwa kukutwa na dawa za mafua na mzio zenye difenihidramini. Vidonge vilivyofungwa ndani ya karatasi la daftari, ambavyo hata mwenyewe hawezi kuvitaja jina, viacheni nyumbani.

Mbu, maji na dagaa

Sumbawanga iko juu, zaidi ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari. Ufukwe wa Ziwa Tanganyika uko karibu mita 1,000 chini ya hapo. Mtu wa Kasanga anayekwenda Mpulungu anahama kutoka mbu hadi mbu, na mwili wake umezoea kidogo. Lakini binti aliyekulia kwenye baridi ya uwanda wa Ufipa, akishuka kuishi ufukweni, malaria humshika vibaya karibu kama inavyomshika mgeni wa Ulaya. Abebe chandarua chenye dawa siku ya kwanza, kabla ya sufuria. Homa ikianza, apimwe siku ileile. Dawa ya mseto tunayoitumia hapa ndiyo inayotumika na kule.

Kipindupindu nacho hakijui mpaka. Kati ya Oktoba 2023 na miezi ya mwanzo ya 2024 Zambia ilipatwa na mlipuko mkubwa, na watu zaidi ya 600 walifariki. Maji ya ziwa yanaonekana safi mpaka unaona mawe chini. Hata hivyo yachemsheni, au yatieni dawa. Kule dawa ya maji ya madukani inaitwa Clorin. Kila mama ajue kutengeneza maji ya chumvi na sukari: lita moja ya maji yaliyochemshwa, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Akiharisha maji kama ya mchele, mpeni huku mkimkimbiza kituoni.

Chakula hakitawasumbua. Ugali kule ni nshima, na dagaa wetu wanaitwa kapenta. Ni samaki walewale wa ziwa moja, isipokuwa bei.

Siku ya kuondoka

Wanaovuka kwa boti wakatae chombo kilichojaa kupita kiasi, na kila mtu, mtoto pamoja, avae jaketi la kuokolea. Upepo wa kusini wakati wa kiangazi hulichafua ziwa ghafla. Wanaopita nchi kavu, kutoka Matai kwenda Kasesya hadi Mbala, wahakikishe wamefika mapema ili wasilale mpakani na watoto.

Pasipoti, kadi za kliniki na barua za daktari zikae kwenye mfuko mmoja unaobebwa mwilini na mama mwenyewe, si ndani ya gunia la mchele wala kwa kondakta. Akifika pia azitunze mwenyewe. Awe na fedha ya nauli ya kurudi ambayo haiguswi kwa jambo jingine. Nakala ya kila karatasi ibaki kwa wazazi, na namba za simu ziandikwe kwenye daftari, kwa kuwa laini ya Tanzania huenda isifanye kazi huko mbali. Paroko akiombwa hutoa barua ya utambulisho. Jumuiya ndogo ndogo zipo kule kama zilivyo kwetu, na ndizo zitakazomjua mama huyu mapema akiugua.

Juma la kwanza baada ya kufika, asingoje homa. Aende kituo cha afya kilicho karibu akiwa na barua yake, aandikishwe, aulize siku za kliniki ya watoto na namna ya kupata gari la wagonjwa usiku. Kama mume ameajiriwa na anachangia bima ya afya ya kule, iitwayo NHIMA, amuulize kama jina lake na ya watoto yamekwisha kuingizwa. Kadi ya bima ya hapa kwetu haitapokelewa huko.