Kuyatazama Mawazo Yakipita

Huko Lukafu, kaskazini ya Lubumbashi katika Katanga ya Kongo, chini ya uwanda wa juu wa Kundelungu, mtu akikonda bila homa, akikosa usingizi na kuacha bukari (ugali) nusu sahani, jirani zake hawaendi mbali kutafuta jina la ugonjwa: ana mawazo. Neno hilo moja limebeba vitu viwili, yaani fikra inayopita kichwani na mzigo unaobaki kifuani baada yake. Kuna mazoezi ya akili ambayo siku hizi yanazungumzwa sana duniani, na ambayo hapa tutayaita mazoezi ya uzingativu. Matangazo huyauza kama njia ya kupata utulivu. Thamani yake kwa mahali kama Lukafu, ninavyoona, iko kwingine: yanamfundisha mtu kuitenganisha fikra na mzigo wake.

Chimbuko lake ni India ya kaskazini, karibu miaka 2,500 iliyopita, katika mafundisho ya Buddha. Kwa Kipali huitwa sati, neno ambalo asili yake ni kukumbuka: kukumbuka kwamba sasa hivi unapumua, umekaa, umekasirika. Kwa karne nyingi yalikuwa zaidi kazi ya watawa, mpaka Burma ilipotawaliwa na Waingereza, na mtawa Ledi Sayadaw (1846–1923) akawahimiza watu wa kawaida nao wajifunze. Mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn, mwanabiolojia wa Chuo Kikuu cha Massachusetts, Marekani, aliyavua vazi la dini na kuyapanga katika kozi ya wiki kadhaa kwa wagonjwa wenye maumivu sugu ambao matibabu ya kawaida hayakuwasaidia vya kutosha.

Zoezi lenyewe ni dogo. Mtu anakaa, nyayo zimegusa ardhi, anaifuata pumzi yake ikiingia na kutoka. Baada ya pumzi tatu au nne akili imeshaondoka: deni la unga, karo ya mtoto, neno alilolisema shemeji. Kazi inaanzia hapo. Hayafukuzi mawazo hayo wala habishani nayo. Anatambua tu kwamba hili ni wazo, kisha anairudia pumzi. Kurudi huko, hata mara 30 katika dakika 10, ndilo zoezi lote, na anayejilaumu kwa kuwa akili ilimtoroka ajue kwamba isingetoroka asingekuwa na cha kujifunzia. Si lazima hata kukaa kimya pembeni. Anayekula anaweza kuanza na tonge la kwanza la bukari: joto lake kwenye vidole, linavyolainika likifinyangwa, shimo dogo linalochimbwa kwa dole gumba, sombe (kisamvu) inavyoingia humo, chumvi inavyofika ulimini kabla ya kumeza. Mwaka 2010 jarida la Science lilichapisha utafiti wa Matthew Killingsworth na Daniel Gilbert juu ya watu wazima 2,250 walioulizwa kwa simu, katikati ya shughuli zao, walikuwa wakiwaza nini. Karibu nusu ya nyakati akili zao zilikuwa mbali na walichokuwa wakikifanya, na kwa kawaida waliokuwa mbali furaha yao ilikuwa pungufu.

Ushahidi wa tiba upo, nao una mipaka. Uchambuzi wa majaribio 47 yenye washiriki 3,515, uliochapishwa mwaka 2014 katika JAMA Internal Medicine, uliona nafuu ya kiasi kwa wasiwasi, sonona na maumivu. Haukuona kwamba mazoezi haya yanashinda dawa au mazoezi ya viungo. Mwaka uliofuata jarida la The Lancet likatoa jaribio la Uingereza lenye watu 424 waliokwisha kuugua sonona mara kadhaa. Kwa miaka miwili ugonjwa uliwarudia 44% ya waliofundishwa uzingativu huku wakisaidiwa kupunguza dawa, na 47% ya walioendelea na dawa. Kwa hesabu za utafiti hiyo si tofauti ya maana. Lakini fikiria inavyorudi sonona: wazo moja la huzuni huita la pili, la pili huita la tatu. Aliyejizoeza kulitambua la kwanza kuwa wazo tu anaweza kusimama kabla halijaita wenzake.

Kwa msomaji wa Katanga, jaribio lenye uzito zaidi ni la Uganda. Katika makazi ya wakimbizi ya Rhino Camp, wanawake 694 kutoka Sudan Kusini, katika vijiji 14, waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilifuata programu ya Shirika la Afya Duniani inayotumia mazoezi ya aina hii, iitwayo Self-Help Plus: vikao vitano vya saa mbili, wanawake 20 hadi 30 pamoja, kitabu cha picha, na sauti iliyorekodiwa inayoongoza kila zoezi. Waliosimamia hawakuwa wataalamu wa afya ya akili. Matokeo yalitoka mwaka 2020 katika The Lancet Global Health: dhiki ilipungua zaidi kwa waliofuata programu, ingawa baada ya miezi mitatu tofauti ilikuwa imepungua. Ni nafuu ndogo, na ilipatikana bila daktari hata mmoja kikaoni. Katika nchi kama Kongo, yenye watu zaidi ya milioni 100 na madaktari wachache mno wa akili, hilo si jambo la kupita haraka.

Wengine watasema haya ni ya Wabudha, na Mkristo au Mwislamu hayamhusu. Hofu hiyo naiheshimu, lakini kuifuata pumzi hakumtaki mtu akiri imani yoyote. Tena kuyatafakari mawazo hakukuletwa Katanga jana. Jamaa, harakati iliyoanzia Kolwezi miaka ya 1950 chini ya mmisionari Mfransisko Placide Tempels, ililipa neno mawazo nafasi kubwa katika mafundisho yake.

Pingamizi zito ni jingine: mawazo ya maskini yana sababu. Katanga imeona watu wakikimbia vijiji vyao katika eneo lililopewa jina la pembetatu ya kifo, kati ya Manono, Mitwaba na Pweto. Kumwambia aliyefukuzwa shambani kwake apumue taratibu kunaweza kuwa tusi, na kama serikali au kampuni itatoa mazoezi haya mahali pa dawa, barabara na mshahara, watu wana haki ya kuyakataa. Lakini programu ya Rhino Camp haikuwafundisha wanawake kuridhika. Baada ya kujinasua kwenye mawazo, kila mmoja alitakiwa ataje jambo analolithamini na tendo moja dogo la kulifuata. Mtu asiyelala usiku kwa mawazo huchelewa shambani, huwapigia watoto kelele, hushindwa kueleza madai yake mbele ya chifu. Akilala, haki yake bado haijapatikana, ila nguvu za kuidai anazo.

Madhara nayo yapo. Aliyeshuhudia mauaji, akifumba macho, anaweza kuyaona upya; afadhali ayaache macho wazi, aisikie ardhi chini ya nyayo, atazame mti ulio mbele yake, na aishie dakika mbili. Anayesikia sauti zisizosikiwa na wengine apelekwe kwa wataalamu, kwa mfano kituo cha Joseph Guislain mjini Lubumbashi, wala asiachwe peke yake na mazoezi haya. Shuleni pia tuwe waangalifu: jaribio la Uingereza lenye wanafunzi zaidi ya 8,000, lililotangazwa mwaka 2022, halikuona faida kuliko masomo ya kawaida.

Kinachobaki ni sauti ya kuongoza mazoezi. Ya Rhino Camp ilisema Kiarabu cha Juba, lugha ya wanawake wale wenyewe. Itakayochezwa chini ya mwembe Lukafu, kwenye simu au redio ndogo, haiwezi kuwa Kifaransa cha semina wala Kiswahili cha vitabu vya Dar es Salaam. Itabidi irekodiwe na mtu wa huku, anayesema "mawazo mingi" kama wanavyosema jirani zake, na anayejua maneno hayo yanakaa wapi kifuani.