IELTS haina karatasi ya sarufi, lakini sarufi huamua matokeo

WATAHINIWA wanaotaka kusoma ng'ambo mara nyingi hujiandaa kwa mtihani wa Kiingereza kwa kukariri kanuni za sarufi na orodha ndefu za maneno. Maandalizi hayo pekee hayatoshi.

Mtihani wa IELTS, ulioanza mwaka 1989, una sehemu nne: kusikiliza, kusoma, kuandika na kuzungumza. Hauna karatasi ya sarufi wala ya msamiati. Mtihani wa TOEFL wa Marekani ulikuwa na sehemu ya sarufi ya kuchagua jibu, lakini iliondolewa katika toleo la intaneti lililoanza mwaka 2005.

Hata hivyo, sarufi haikutupwa. Katika kuandika na kuzungumza, mtahini wa IELTS hutumia vigezo vinne vyenye uzito sawa. Viwili kati yake ni msamiati na sarufi, yaani nusu ya alama za sehemu hizo.

Kinachopimwa ni matumizi. Mwenye kuandika sentensi fupi tu, hata zikiwa sahihi, hafiki alama za juu, kwani mtahini hutafuta pia sentensi changamano. Vivyo hivyo, Mswahili "hufanya kazi" na "hufanya kosa", lakini Mwingereza husema "do work" na "make a mistake". Orodha ya maneno haifundishi tofauti hiyo.

Kwa kuwa mtihani una ada, na matokeo kwa kawaida hukubaliwa kwa miaka miwili tu, ni busara mtahiniwa aandike insha mara kwa mara, isahihishwe, kisha aiandike upya.