Kiazi Kisichovunjika Chunguni

Mgeni huheshimiwa kwa chakula, na mwenye nyumba pia huweza kufedheheka kwa chakula hicho hicho. Hayo tuliyashuhudia Butali, mji wa miwa na kiwanda cha sukari ulio katika njia itokayo Kakamega kwenda Webuye, tulipoalikwa walima wa jamaa zetu. Binti yetu wa Mombasa, aliyeolewa huko, alijitwika kazi ya biriani. Nyama ililainika vyema na wali ukachambuka, lakini sufuria ya rojo ilipofunuliwa, viazi havikuonekana. Vilikuwa vimevurugika vyote, na rojo imekuwa nzito kama uji. Binti akalia jikoni, akidhani mkono wake ndio wenye kosa.

Mkono haukukosa. Kosa lilikuwa sokoni, katika kuchagua.

Wasomaji wetu wajue kwamba viazi si vya tabia moja. Kiko kiazi cha unga, chenye wanga mwingi na maji machache. Kikipata moto, chembe za wanga huvimba, na ile gundi inayoshikanisha nyama yake huyeyuka, basi kikamegeka. Hicho chafaa kupondwa, kufanywa katlesi, au kukaangwa chipsi. Kiko na kiazi cha pili, chenye wanga mchache na nyama iliyoshikana. Hicho ndicho cha mchuzi, biriani na saladi.

Katika masoko ya Kenya, aina iliyoenea zaidi ni Shangi. Mkulima huipenda kwa kuwa hukomaa mapema, na mpishi huipenda kwa kuwa huiva upesi. Lakini kinachoiva upesi hakitaki kusahauliwa motoni. Wala rangi ya ganda isitudanganye: Dutch Robyjn ina ganda jekundu la kupendeza, nayo ni ya unga hasa, ndiyo maana wenye viwanda huitaka kwa krispi.

Basi tupime vipi? Tuchukue nusu kikombe cha chumvi, tuikoroge katika vikombe vitano na nusu vya maji hata iyeyuke, kisha tutie kiazi kizima kilichooshwa. Kikizama, ni cha unga. Kikielea, kitashika umbo. Kisu nacho ni shahidi: kiazi cha unga hukiachia utando mweupe wa wanga. Na kiazi kilichogeuka kijani tukiache kabisa, kwani kina sumu.

Ikiwa sokoni hapakupatikana ila cha unga, dawa ipo. Tukikate vipande vikubwa vilivyo sawa, tukikaange kwanza hata kifanye ngozi, kisha tukitie katika rojo lenye ukwaju, ndimu, nyanya au mtindi. Uchungu huo huizuia gundi isiyeyuke upesi. Moto uwe wa pole, na mwiko usikorogekoroge.

Muuzaji naye ana wajibu wake. Twakumbuka Mtume (s.a.w.) alivyotia mkono katika rundo la chakula sokoni, akakuta unyevu chini, akamkemea mwenyewe kwa kuuficha. Anayechanganya aina mbili katika gunia moja, vizuri juu na vibovu chini, na ajitazame. Nasi wanunuzi tusione haya kuuliza: hiki ni cha kuponda au cha mchuzi?

Kabla hatujaondoka Butali, binti alipima viazi vyake kwa maji ya chumvi, akateua vilivyoelea, akapika tena. Mavyaa wake alipofunua sufuria alicheka, akasema: “Mwanangu, leo viazi vimekuja na sura zao.” Binti akainama kwa haya, na safari hii machozi yake yalikuwa ya furaha.

Wabillahi tawfiq.