Kabla ya kununua dawa ya nyoka, uliza ni nyoka wa wapi

WIKI chache zilizopita mama mmoja anayefanya biashara kati ya Lilongwe na Rumonge alinionyesha kichupa cha dawa ya nyoka alichonunua njiani. Alikibeba kwenye mkoba, katikati ya vitenge, siku kadhaa za basi kupitia Songwe, Mbeya na Kigoma. Kibandiko kilieleza kwa Kiingereza kwamba dawa ile imetengenezwa kwa ajili ya nyoka wanne wa India. Alitaka nimsomee tu, maana wateja wake wanaolima kwenye michikichi walikwisha kumwagiza vingine kumi.

Nilimsomea, kisha nikamwambia asivilete. Sababu yake ni ndefu kidogo, na ndiyo iliyonifanya niandike makala haya.

Wengi wa wasomaji wa ukurasa huu wanaijua Dzaleka. Kambi ile ya wilaya ya Dowa ilifunguliwa kwa wakimbizi mwaka 1994, mahali palipokuwa gereza enzi za Rais Banda. Mwaka 2001 nilikuwa kidato cha tatu pale. Mwenzangu wa dawati moja alikwenda kukata nyasi za kuezekea, akaumwa mguuni. Kabla ya jua kuzama mguu ulikuwa umevimba hadi pajani. Wazee wakamwekea jiwe jeusi, lile la mfupa uliochomwa linalouzwa hadi leo katika masoko yetu, wakamfunga na kamba. Usiku likapatikana gari la kumpeleka Lilongwe, safari ya zaidi ya kilomita 40. Nami nikapandishwa kwa kuwa nilijua Kichewa.

Daktari aliuliza swali moja: nyoka gani? Baba wa kijana akasema, "Impiri." Nilikuwa nafungua mdomo nitafsiri, muuguzi akaitikia, "Mphiri!" Kazi yangu ya ukalimani ikaishia hapo. Kwa Kirundi, Kinyarwanda na Kichewa ni neno lile lile, na hata Kiswahili kina piri, ingawa wengi tunamwita kifutu au moma. Inaelekea mababu zetu walihama na jina hilo kabla lugha hazijaachana. Kijana alipona, lakini alipoteza vidole viwili.

Sasa, jina linaweza kuwa moja na sumu ikatofautiana. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024 ulilinganisha sumu za vifutu kutoka nchi mbalimbali, ukakuta hazifanani, ingawa wote wanahesabiwa kuwa aina moja ya nyoka.

Wataalamu wa vinasaba wanaeleza hivi. Sumu ni mchanganyiko wa protini nyingi, na maelekezo ya kutengeneza kila protini yameandikwa katika jeni za nyoka. Zamani sana baadhi ya jeni zenye kazi za kawaida mwilini zilijinakili, nakala zikabadilika, zikaanza kufanya kazi kwenye tezi ya sumu. Nge na buibui walipata sumu zao kwa njia inayofanana na hiyo, kila mmoja kivyake. Mwaka 2013 zilichapishwa jeni zote za kobra mfalme wa Asia, na mwaka 2020 zikafuata za kobra wa India. Huyu wa pili alikutwa na jeni 139 za sumu, 19 kati yake zikifanya kazi kwenye tezi ya sumu peke yake. Mwaka 2018 jeni zilionyesha pia kwamba swila wa misituni, aliyedhaniwa kuwa mmoja Afrika nzima, kumbe ni aina tano.

Kwa mgonjwa maana yake ni hii. Tangu miaka ya 1890 dawa hutengenezwa kwa kumdunga farasi sumu kidogo kidogo, kisha kuchukua kinga iliyojengeka katika damu yake. Kinga hiyo inaitambua sumu aliyodungwa farasi. Ukimpelekea sumu ya ukoo mwingine, huenda isiitambue kabisa. Ghana waliliona hilo: dawa iliyozoeleka ilipobadilishwa na nyingine iliyotoka India, vifo katika eneo moja vilipanda kutoka asilimia 1.8 hadi 12.1, kama ilivyochapishwa mwaka 2008. Dawa nzuri ya Kifaransa iliyokuwa ikitumika Afrika iliacha kutengenezwa mwaka 2014, na akiba ya mwisho iliisha muda wake 2016. Pengo hilo ndilo wanaloingilia wauzaji wa vichupo vya njiani.

Habari njema zipo. Nairobi, katika Taasisi ya Utafiti wa Nyani, kipo kituo kinachoshirikiana na Liverpool kutafuta dawa zinazofaa nyoka wa kwetu. Mwaka 2025 watafiti wa Denmark walitangaza mchanganyiko wa kinga nane ndogo, zilizopatikana kwa kutumia jeni za ngamia wadogo wa Amerika Kusini, alpaka na lama. Katika panya ulizuia vifo vya sumu za nyoka 17 kati ya 18 wa jamii ya swila na koboko wa Afrika. Lakini impiri hayumo katika orodha hiyo, na dawa yenyewe haijaanza kutolewa kwa watu.

Kwa wale wenye mizigo: dawa ya maji inayotengenezwa Afrika Kusini, ambayo inamhusu kifutu, inatakiwa ikae kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8. Mgonjwa huhitaji vichupa kadhaa, si kimoja, na dawa yoyote ya farasi inaweza kumshtua mwili hata kumwua, hivyo hudungwa hospitalini tu. Jiwe jeusi halivuti sumu. Kamba na wembe huongeza madhara. Aliyeumwa avuliwe pete na viatu, atulizwe, abebwe asitembee. Na mwenye simu ampige nyoka picha akiwa mbali, aandike saa na mahali, kwa sababu swali la kwanza la daktari, iwe Lilongwe au Bujumbura, litakuwa lile lile.