Kushuka Mlima kwa Baiskeli: Breki, Spoku na Miguu ya Watoto



Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya malaria, kichocho, maji ya kunywa na chakula cha watoto. Mwezi huu tunaomba mtuvumilie tukizungumza juu ya baiskeli. Baiskeli ni dawa nzuri ya mwili, lakini ni hiyohiyo inayowafikisha watu zahanati wakiwa na vidonda, hasa katika nchi ya vilima na mawe kama hii yetu ya Mwanza.

Anayeishi Igoma anajua. Barabara ya Musoma ina lami, lakini ukiiacha kuelekea majumbani unaingia njia za changarawe zinazopanda na kushuka kati ya majabali. Pikipiki zimechukua abiria wengi waliokuwa wakipanda daladala za baiskeli. Hata hivyo baiskeli haijaondoka nyumbani. Inabeba madumu ya maji, mkaa, mpunga na ndoo ya dagaa. Asubuhi inampeleka baba kazini, na Jumapili inaleta kanisani mama na watoto wawili kwa mara moja.

Faida yake tuitaje kwa ufupi, kwa kuwa haibishaniwi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa muda usiopungua dakika 150 kila wiki. Mtu anayekwenda kazini na kurudi kwa baiskeli, nusu saa kwa siku, siku tano za wiki, ameshatimiza kiasi hicho bila kulipa nauli. Moyo hupata nguvu, shinikizo la damu hushuka, na sukari hutumika vizuri mwilini. Lakini mwenye ugonjwa wa moyo, au anayebanwa kifua anapopanda kilima, asijilazimishe. Ashuke, asukume baiskeli, na aende akapimwe.

Hatari iko kwenye kushuka

Watu wengi huogopa kupanda, maana ndiko kuna jasho. Sisi tunaogopa kushuka. Madumu manne ya lita 20 yakijaa ni kilo 80 za maji, sawa na kumbeba mtu mzima mnene. Mzigo huo ukikusukuma kwenye mteremko, miguu haina kazi tena; kilichobaki kati yako na jiwe ni vipande vidogo vya mpira vinavyobana rimu. Tena mwendo ukiongezeka mara mbili, umbali unaohitajika ili kusimama unakuwa mara nne. Anayehitaji hatua tatu kusimama akienda polepole, atahitaji hatua kumi na mbili mwendo ukiwa maradufu, na huenda mbele yake hakuna hatua kumi na mbili.

Baiskeli za zamani aina ya Phoenix, na nyingine zinazofanana nazo, zina breki za fimbo za chuma na rimu za chuma. Rimu hizo zikiwa kavu hushika vizuri. Zikilowa maji hazishiki hata robo ya kawaida. Kwa hiyo wakati wa mvua, baada ya kuvuka dimbwi, bana breki kidogokidogo mapema ili mpira ufute maji, nawe uwe umepunguza mwendo kabla ya kufika kwenye mteremko. Ikiwa umebeba mzigo au mtoto na njia imelowa, shuka usukume. Hakuna aibu katika jambo hilo, ingawa tunajua vijana watacheka.

Kupima breki nyumbani hakuhitaji fundi. Simama kando ya baiskeli, bana breki ya mbele, kisha isukume baiskeli mbele: gurudumu la mbele lisizunguke, na la nyuma litake kunyanyuka. Fanya hivyohivyo kwa breki ya nyuma: gurudumu la nyuma liburuzike bila kuzunguka. Kama yanazunguka, breki hiyo ni pambo. Angalia mpira: ukiisha hadi chuma kinachoushika kikagusa rimu, badilisha siku hiyohiyo. Baiskeli za mitumba zenye gia hutumia waya. Chunguza waya pale unapoingia kwenye mkono wa breki, kwani hapo ndipo nyuzi zake huanza kukatika moja moja. Na ukitia oili kwenye cheni, futa matone yaliyoangukia rimu. Oili kwenye rimu ni mbaya kuliko maji, kwani maji hukauka.

Wapo waliong'oa breki ya mbele kwa kuogopa kupinduka, na wapo wanaofunga breki kwa kukanyaga tairi na soli ya kandambili. Breki ya mbele ndiyo yenye nguvu zaidi. Ibanwe taratibu pamoja na ya nyuma, huku mwendeshaji amekaa nyuma kidogo kwenye siti. Ama hiyo ya kandambili, mguu ukivutwa na tairi ukaingia kwenye uma wa mbele, gurudumu husimama ghafla na mtu hurushwa kichwa mbele.

Mguu wa mtoto kwenye spoku

Hili ndilo lililotufanya tuandike. Mtoto wa miaka mitatu au minne anapakiwa kwenye karia, miguu inaning'inia, baba anaendesha. Mtoto anasinzia, au anageuka kumtazama mbwa, na mguu unaingia kwenye spoku. Gurudumu linauvuta na kuubana dhidi ya chuma cha fremu. Mara nyingi huumia kisigino na nyuma ya kifundo, mahali penye ngozi nyembamba na mshipa mkubwa unaomwezesha mtu kutembea.

Kinachowadanganya wazazi ni kwamba siku ya kwanza kidonda huonekana kidogo. Ngozi imechubuka, imevimba, damu si nyingi. Lakini ndani nyama imepondwa na ngozi imetenganishwa na kilicho chini yake. Baada ya siku chache ngozi hiyo hugeuka nyeusi na kufa, na kidonda kinakuwa kikubwa kuliko kile mlichokiona mwanzo. Wakati mwingine kuna mfupa uliovunjika ambao hauonekani bila picha. Mtoto ambaye angepona kwa wiki chache huishia kuhitaji kupandikizwa ngozi.

Likitokea, simama mara moja, wala usiuvute mguu kwa nguvu. Mtu mmoja amshike mtoto, mwingine alirudishe gurudumu nyuma taratibu au akate spoku. Spoku inanunulika. Osha kidonda kwa maji safi mengi yanayotiririka, funika kwa kitambaa safi, inua mguu, mpeleke mtoto kituo cha afya siku hiyohiyo. Msipake majivu, mafuta ya taa, dawa ya meno wala kinyesi cha ng'ombe. Chukueni kadi ya kliniki ili mganga aone kama chanjo ya pepopunda imekamilika. Na hata mkiruhusiwa kurudi nyumbani, mguu uangaliwe tena baada ya siku mbili au tatu, kwa sababu hiyo tuliyoitaja.

Kuzuia ni rahisi. Fundi baiskeli yeyote anaweza kufunga kinga pande mbili za gurudumu la nyuma: wavu, bati jepesi lililokunjwa kingo, hata plastiki ngumu ya dumu lililokatwa. Weka pia mahali pa kukanyagia miguu. Mtoto asiyeweza kukaa mwenyewe bila kushikwa asipakiwe kabisa kwenye karia. Avae viatu vilivyofunika kisigino. Akina mama wanaokaa upande wakunje vizuri kanga na kitenge, kwani pindo likinaswa na gurudumu humvuta mtu hadi chini.

Baba akipindua baiskeli uani

Matengenezo ya Jumamosi jioni ni jambo jema, nasi tunayapenda. Kaza nati za magurudumu, jaza upepo, ondoa mchanga kwenye cheni kwa kitambaa na mswaki wa zamani, tia oili kidogo na ufute inayobaki. Gusa spoku moja moja. Iliyolegea hulia tofauti na wenzake. Siti iwe kimo ambacho pedali ikiwa chini kabisa goti linakaribia kunyooka bila kunyooka lote. Siti ya chini sana ndiyo inayowapa watu wengi maumivu ya magoti, nao wanadhani ni uzee.

Lakini baiskeli iliyopinduliwa miguu juu ni mchezo wa ajabu kwa mtoto anayeanza kutembea. Mkubwa mmoja anazungusha pedali, mdogo anatia kidole kwenye cheni. Kidole hukatwa kwa kufumba na kufumbua. Kabla ya kuzungusha pedali, hesabu watoto waliopo uani. Endapo ajali imetokea, bana jeraha kwa kitambaa safi. Kipande kilichokatika kifungwe katika kitambaa safi chenye unyevu, kitiwe mfuko wa plastiki, na mfuko huo uwekwe ndani ya maji baridi au barafu. Kipande chenyewe kisiguse barafu. Kiende hospitali pamoja na mtoto, daktari ataamua.

Jambo jingine ni mafuta ya taa au petroli ya kusafishia cheni, ambayo huwekwa katika chupa ya soda. Mtoto mwenye kiu hajui tofauti. Akinywa, msimtapishe, wala msimlazimishe kunywa maziwa, maana akitapika mafuta huingia kwenye mapafu. Mkimbizeni hospitali na chupa yenyewe mkononi.

Angalieni pia ncha za usukani. Vishikio vya mpira vikiisha, bomba tupu hubaki wazi. Mtoto akianguka na ncha ikamgonga tumboni, nje huenda pakaonekana alama ndogo ya duara tu, kumbe ndani bandama, ini au utumbo umeumia. Akilalamika tumbo, akitapika au akiwa mweupe kuliko kawaida, apelekwe hospitali hata kama ni siku ya pili. Kwa aliyegonga kichwa, angalieni kutapika, usingizi usio wa kawaida, kuchanganyikiwa, au damu na maji kutoka sikioni. Kofia ngumu hupunguza sana madhara hayo; iliyokwisha kupata kishindo kikubwa isivaliwe tena.

Milima ya mbali na ya karibu

Siku hizi vijana wanapenda baiskeli za milimani zenye tairi pana. Si jambo geni kwetu. Majira ya Krismasi ya mwaka 1984 Waingereza wawili, Nicholas na Richard Crane, walizipandisha baiskeli zao Kilimanjaro ili kuchangisha fedha za misaada, ingawa sehemu nyingi baiskeli ndizo zilizobebwa. Leo waendesha baiskeli huruhusiwa kwa kibali kupitia njia ya Kilema, mahali ambapo Mapadre wa Roho Mtakatifu walifungua misioni mwaka 1890. Kileleni, mita 5,895, kila pumzi huleta nusu tu ya oksijeni inayopatikana pwani. Kuanzia kiasi cha mita 2,500 mtu anaweza kuumwa kichwa, kichefuchefu na kukosa usingizi. Akianza kuyumba kama mlevi au kukohoa na kuhema akiwa amekaa, ashushwe mara moja, hata kama ni usiku. Na kwenye miteremko mirefu, kama ile ya kutoka Lushoto hadi Mombo, breki za rimu hupata moto hata tyubu ikapasuka. Huko ni kusimama kila baada ya muda na kuacha rimu ipoe.

Kwa familia zetu, safari inayofaa zaidi iko karibu: Bujora, mbele ya Kisesa, kwenye makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa na Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada. Wengi huenda huko wakati wa ngoma za Bulabo, zinazoambatana na sikukuu ya Ekaristi, ambapo mvua huwa zimepungua na njia ni kavu. Tokeni asubuhi kabla ya jua kali. Kila mmoja abebe maji yake na anywe kabla ya kuona kiu. Barabara ya Musoma ina mabasi na malori yanayokwenda kasi, kwa hiyo mwende mmoja nyuma ya mwingine, na mavazi ya rangi za kung'aa.

Aliye mpole zaidi wa mwendo atangulie, na mwenye pampu, spana, viraka na solusheni awe wa mwisho, ili anayekwama asipitwe na wote. Kwenye kila mteremko acheni nafasi kubwa kati ya baiskeli na baiskeli, na aliyetangulia asisimame chini katikati ya njia kuwasubiri wenzake, bali asogee pembeni kabisa. Mkifika, kabla ya kwenda kutazama ngoma, pimeni tena breki zote, maana ndizo zitakazowarudisha.